Mia Tatu ya Mashine Mpya

Chakula kilikuwa kimerudi tena. Inspekta Athanasi alilikuta lile bakuli la bati juu ya kaunta ya kituo cha polisi cha Bariadi, ugali umekauka juu, mlenda haujaguswa. Nje ya uzio, mama aliyekileta alikuwa ameketi palepale alipoketi jana, miguu kainyoosha, kanga kajifunika mpaka kwenye nyusi. Jina lake Milembe. Moto wa jineri, kiwanda kile cha kuchambulia pamba, ulikuwa umemuua mwanawe mdogo, Josia, na polisi walikuwa wamemkamata mwanawe mkubwa, Maganga, kwa tuhuma ya kuuwasha. Sasa mama wa watu hakujua amlilie yupi kwanza.

Athanasi alimwamkia Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," yaani umeamkaje, mama, naye akaitikia taratibu. Hakuuliza kesi imefikia wapi. Aliuliza kama mwanawe amekula. Inspekta akasema bado, na mama akalipokea bakuli lake, akamwaga ugali kwa kuku waliokuwa wakizurura pale, akasema atarudi na mwingine jioni. Ng'ombe haelemewi na nunduye, walisema wazee, lakini huyu alikuwa ameanza kuelemewa, na kila mwenye macho aliliona hilo.

Mkuu wa polisi wa wilaya alitaka jalada lifungwe. Kesho asubuhi gari lingetoka kwenda Shinyanga, na Maganga angekuwa ndani yake, na kesi yenyewe ni ya mauaji, ambayo mwisho wake kila mtu anaujua. Kila kitu kilikuwa kimejipanga. Dizeli ilikuwa ikipotea jinerini tangu msimu uanze, na Maganga ndiye mlinda jiko la kukaushia pamba. Meneja alimwambia mbele ya watu kwamba atamfukuza. Wanawake wawili waokota takataka za pamba walimwona akipita nyuma ya jengo na dumu la dizeli, na kabla hawajamaliza kusimuliana, moto ukaruka. Juu ya hayo, ndugu hawa wawili walisikika wakigombana kwa sababu ya ng'ombe wa mahari. Kesi imeiva, imepakuliwa, inangoja mlaji tu. Athanasi alikuwa na ugomvi wa siku nyingi na kesi za namna hiyo, maana hakuwahi kuona ukweli unaokuja mezani ukiwa umeshaoshwa na kukatwakatwa.

Akaamuru Maganga atolewe mahabusu. Aliletwa mtu mrefu, mabega yameanguka, mkono wa kushoto umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko. Ule ndio mkono aliotumbukiza motoni kumvuta mdogo wake.

"Dumu lile ulikuwa unalipeleka wapi?"

"Jikoni, afande. Pipa lilikuwa linaishia."

"Pipa ulilopewa asubuhi hiyohiyo?"

"Hilohilo. Ndiyo maana wananiita mwizi."

"Siku ile ulibadilisha nini kwenye jiko?"

"Sikubadilisha kitu." Hapo Maganga aliinua uso kwa mara ya kwanza. "Tangu walete hili jipya nimeliweka kama lile la zamani. La zamani nimekaa nalo enzi zote za ushirika, na halikuunguza hata uzi. Waulize wote."

Kuhusu ng'ombe alisema kweli waligombana. Josia alitaka kungoja mwakani ndipo aoe, avune kwanza, naye Maganga akamkatalia, akasema baba yao amekufa, kwa hiyo yeye ndiye baba, na mdogo wake ataoa mwaka huu. Ng'ombe walikwisha kupelekwa Nkololo kwa wazazi wa binti. Athanasi alitoka mpaka kwenye uzio kumuuliza Milembe, na mama akajibu vilevile, akitaja ng'ombe mmoja mmoja kwa rangi zao, na alipofika kwa yule mweupe mwenye madoa akashindwa kuendelea. Basi sababu ya kwanza ya kuua ikafia hapo uzioni.

Jineri ilikuwa mali ya chama cha ushirika kabla ya soko huria. Sasa ilikuwa imekodishwa kwa mnunuzi binafsi wa Mwanza, na aliyeiendesha kwa niaba yake ni meneja Novatus, mtu mnene, mwepesi wa miguu, asiyekaa kwenye kiti hata dakika. Harufu ya pamba iliyoungua ilikuwa bado imetanda mpaka barabarani. Upande mmoja wa jengo bati lilikuwa limejikunja, na chini yake, pale Josia alipokuwa akilisha pamba kwenye kikaushio, mtu alikuwa ameweka jiwe na tawi la mti ili watu wasipakanyage.

Athanasi aliuliza kwanza funguo za stoo ya mafuta anakaa nazo nani. Novatus akajipigapiga kiunoni, zikalia. Hata kulala, alisema, analala nazo.

"Basi Maganga aliibaje?"

"Pipa likishatoka stoo linakuwa mikononi mwake, Inspekta. Enzi za jiko la zamani, pipa moja siku mbili nzima, na ya tatu asubuhi tunaligusa. Sasa hivi pipa la asubuhi halioni saa nane mchana. Dizeli haina miguu."

"Getini mnawapekuaje watu?"

Novatus alikiri kwamba wanapekuliwa wote, mpaka vifuko vya chakula, na Maganga hajawahi kukutwa hata na kitambaa chenye harufu. Athanasi mwenyewe alikuwa ameshazunguka kwa wenye mashine za kusaga, kuanzia sokoni mpaka nje ya mji, na hakuna aliyeuziwa dizeli ya bei ya kutupa. Njia ya mwongo ni fupi, na hii ya wizi ilikuwa imemfikisha kwenye ukuta. Mapipa mazima hayawezi kuibwa msimu wote katika mji mdogo hivi bila mtu mmoja kuyanywesha mashine yake.

Akaenda kwenye jiko. Wafanyakazi waliliita jiko, nalo kweli lilikuwa jiko: mdomo wa chuma unaotema moto wa dizeli, feni nyuma yake, na bomba pana linalobeba hewa moto mpaka kwenye kikaushio ambamo pamba hupita kabla ya kuchambuliwa. Lilikuwa limetoka Ulaya, limetumika, limepakwa rangi upya. Inspekta alipitisha kidole kwenye kiwiko cha bomba, pale karibu kabisa na jiko, mbali na palipoungua. Masizi yalipofutika, chuma chini yake kilikuwa na ile bluu ya kisu kilichosahauliwa motoni.

Alikaa pale akiitazama bluu ile kwa muda. Kama Maganga alikuwa anaiba dizeli, jiko lingekuwa linakula kidogo, na bomba lingekuwa la vuguvugu tu. Bomba hili lilikuwa limechomwa siku nyingi, mbali na moto ule wa mwisho. Dizeli haikwenda kwa mtu. Ilikwenda hapahapa, ndani ya jiko, na yote ilikuwa imeungua.

Lakini swali lingine likaja juu ya hilo. Kama jiko lilikuwa kali kiasi hiki tangu mwanzo wa msimu, kwa nini pamba haikuwaka siku ya kwanza?

Jibu alilikuta uwanjani, na halikuwa na habari kwamba ni jibu. Alikuwa mkulima wa Mwandoya aitwaye Mhoja, mzee mkavu kama nchi yake ya Meatu, amekaa juu ya magunia yake yaliyobaki. Moto ulikuwa umeanzia kwenye mzigo wake. Tangu siku ile hakuna aliyemsogelea, maana mji mzima ulikuwa unasema pamba yake ilikuwa na dawa ya uchawi, na usiku uliopita watu walikuwa wamemtupia mawe. Hakuthubutu kurudi nyumbani na pamba, wala kuiacha.

Athanasi alichomoa fundo la pamba kwenye gunia la Mhoja, akatoa mbegu, akaiweka kati ya magego akaiuma. Ikapasuka, tap, kama karanga iliyokaangwa. Akavuka uwanja mpaka kwenye lundo la pamba ya mawakala wa ununuzi, akachomoa tena, akauma. Mbegu ikajikunja kama mpira, haikutoa hata sauti, na kinywa chote kikanuka ukungu. Alipoingiza mkono ndani ya lile lundo, kulikuwa na joto na unyevu kama ndani ya kapu la mavuno yaliyooza.

Alijua kwa nini. Kila mtu Bariadi alijua, na hakuna aliyesema. Tangu wanunuzi wawe wengi, kila mmoja akikimbilia kununua kabla ya mwenziwe, hakuna tena aliyepima ubora, na watu walikuwa wamejifunza kuinywesha pamba maji usiku wa kuamkia mizani. Pamba ya ushirika ilikuwa kavu. Pamba ya soko huria ilikuja imekunywa. Jiko lile kali lilikuwa msimu mzima linapika maji ya watu. Na siku alipofika mkulima mmoja aliyeleta pamba kama Mungu alivyoianika, hapakuwa na maji ya kupika, moto ukala pamba yenyewe.

Mhoja alisikiliza maelezo hayo kofia ikiwa mkononi. Halafu akauliza kwa sauti ndogo, "Afande, mimi sikutia maji. Nimekosa nini?"

Athanasi alimwambia hajakosa kitu, akamwita askari akae naye mpaka magunia yapakiwe. Hilo lilikuwa rahisi. Lililobaki lilikuwa nani alilifanya jiko kuwa kali vile.

Jiko la zamani lilikuwa limetupwa nyuma ya ghala, na kuku mmoja alikuwa ametagia kwenye mdomo wake. Lilikuwa la Kiingereza, zito, na mbele yake lilikuwa na duara lenye namba, kama saa, kuanzia sifuri mpaka mia nne, na kijiti cha kuzungusha. Kwenye mia tatu palikuwa na alama ya rangi nyekundu, ya siku nyingi, iliyopasukapasuka. Inspekta alirudi kwenye jiko jipya. Duara vilevile, sifuri mpaka mia nne vilevile. Kwenye mia tatu, alama nyekundu mbichi, na kijiti kimesimama juu yake sawasawa. Namba zilikuwa mapacha. Herufi ndogo zilizoandikwa chini ya namba ndizo hazikufanana, naye akazinakili zote mbili.

Alimwonyesha Novatus alama ile. Meneja, kwa mara ya kwanza, akasimama mahali pamoja. Alisema fundi wa Mwanza aliwafundisha kuwasha na kuzima tu, akaondoka na lori lilelile. Pamba imejaa uwanjani, majirani wananunua. "Maganga akaniuliza aliweke ngapi," akasema, macho yakiwa kwenye lile jiwe na tawi. "Nikamwambia aliweke kama la zamani."

Kwenye shule ya sekondari, Mwalimu Scola wa fizikia alikuwa nyuma ya nyumba yake akipepeta mchele. Athanasi akampa ile karatasi. Aliisoma mara moja tu, akaweka ungo chini.

"Ya kwanza ni BTU kwa saa, kipimo cha Waingereza," alisema. "Ya pili ni kilokalori kwa saa. Zote mbili zinapima kitu kimoja, nguvu ya joto, yaani moto kiasi gani unatoka kila saa. Wewe unakumbuka pamba ilipokuwa inapimwa kwa ratili?"

Athanasi alikumbuka. Baba yake alikuwa akiuza kwa ratili.

"Basi mtu akikwambia gunia la mia tatu, utauliza mia tatu za nini, ratili au kilo. Hapa ni hivyohivyo, ila tofauti ni kubwa zaidi. Kilokalori moja ni BTU nne, zinapungua kiduchu."

Alichukua chaki akaandika kwenye mlango wa jikoni, maana ubao ulikuwa mbali. Namba za duara zinahesabu maelfu, kwa hiyo jiko la zamani, BTU laki tatu kwa saa. Ukizigeuza kuwa kilowati unagawa kwa elfu tatu mia nne na kumi na mbili, unapata themanini na nane. Jiko jipya, kilokalori laki tatu kwa saa. Hizo unagawa kwa mia nane na sitini, unapata mia tatu arobaini na tisa. Akapiga mstari chini ya themanini na nane na chini ya mia tatu arobaini na tisa, akarudi nyuma.

"Mara nne," alisema Athanasi.

"Mara nne. Ili lilingane na la zamani, kijiti kilitakiwa kikae kwenye sabini na tano, sabini na sita hivi."

Inspekta akaligawa lile pipa kichwani. Siku mbili na kidogo, kwa nne: nusu siku na kidogo. Pipa la asubuhi lisiloona saa nane. Hakuna tone lililoibwa. Mwizi waliyemtafuta msimu mzima alikuwa kijiti kilichosimama mahali pasipo pake.

Mwalimu Scola hakuwa amefuta chaki mikononi. Alisema Josia alipita shuleni pale, kijana mpole, mwepesi wa hesabu. "Haya mambo tunayafundisha kidato cha tatu," akasema. "Yeye aliishia cha pili." Kisha akaingia ndani, na Athanasi akaondoka bila kuaga vizuri.

Mkuu wa polisi alisoma taarifa mpaka mwisho, akairudia, akavua miwani. Aliuliza kama basi hakuna wa kushtakiwa. Athanasi alimjibu yupo wa kuhojiwa, naye ni aliyeruhusu jiko liwashwe bila fundi na bila maelezo, na mkuu akaagiza Novatus aitwe aandikishe maelezo. Kuhusu Maganga, akasema, mwache aende zake. Kesho gari la Shinyanga lingeondoka bila yeye.

Inspekta alipaswa kufurahi. Badala yake alisimama kwenye korido na funguo mkononi, na roho ilimuuma kweli. Angeweza kumwambia Maganga kwamba jiko lilikuwa bovu, basi. Lakini taarifa ingesomwa mahakama ya uchunguzi, Novatus angesema, mji ungesema, na ingemfikia sokoni kutoka kinywani kwa mtu anayecheka. Kama ni kuumia, aumie akiambiwa na mtu aliyekaa chini.

Akaketi naye kwenye sakafu ya mahabusu. Alianza na dizeli, kwamba haikuibwa, jiko lenyewe liliichoma, na Maganga akashika kichwa akasema nilisema, afande, si nilisema. Akaendelea na pamba kavu ya Mwandoya. Maganga akaitikia kwa kichwa akielewa, maana kazi ni yake. Halafu akauliza jiko lilikuwa na ubovu gani.

"Halikuwa na ubovu. Mia tatu ya mashine mpya si mia tatu ya mashine ya zamani. Ni vipimo viwili, kama ratili na kilo. Ilikuwa mara nne."

Athanasi aliwahi kuona watu wakisomewa hukumu, na hakuona uso uliochukua muda mrefu hivi kubadilika.

"Nilifurahi," Maganga akasema. "Walipolifungua nikaona namba ni zilezile, nilifurahi, afande. Nikamwita Josia aje aone. Yeye ndiye aliyenishikia kopo la rangi."

Athanasi alimwambia hana kosa la kisheria, aliamriwa, hakuna aliyemweleza. Maneno yote hayo yalikuwa kweli na hayakusaidia kitu. Maganga aliyasikiliza kwa adabu. Mlango ulikuwa wazi nyuma yao, na hakuutazama.

"Niache humuhumu, afande."

"Siwezi. Na mama yako yuko nje."

Milembe alikuwa amerudi na bakuli la jioni. Alipomwona mwanawe anatoka bila pingu, alijiinua kwa kushika nguzo ya uzio, kisha akauona uso wake, akakaa tena. Hakupiga kigelegele. Alimuuliza Inspekta, "Mmempata aliyemuua mwanangu?"

Athanasi alifungua kinywa, lakini Maganga akamtangulia. Alipiga magoti mbele ya mama yake, akaunyoosha ule mkono wa kulia, mzima, usio na bandeji. Akamwambia yote kwa Kisukuma, taratibu: jiko, namba, alama nyekundu. Alipofika kwenye ratili na kilo, mama aliyeuza pamba maisha yake yote akafumba macho, maana alikuwa ameshaelewa kabla hajamaliziwa.

"Ni mkono huu, mayu," Maganga akasema.

Milembe aliutazama ule mkono. Watu waliokuwa wakipita barabarani walisimama, na Athanasi akawapungia waende. Mama alivuta kibuyu chake cha maji, akaushika mkono wa mwanawe kwa vidole, akaumiminia maji, akausugua kiganja na kila kidole kama anavyonawishwa mtoto kabla ya kula, akamimina tena mpaka kibuyu kikaisha. Akaufuta kwa ncha ya kanga.

Kisha akafunua bakuli, akamega tonge, akaliweka katika mkono uleule.

"Kula," alisema. "Nimebaki na wewe."

Maganga akala.